Betri ya Pili ya Gari la Kambi: Namna ya Kutafuta Hitilafu Kabla ya Kununua Betri Mpya

Gari la kambi, yaani lile lenye friji, taa za ndani, pampu ya maji na pengine hema juu ya paa, huwa na betri mbili zenye kazi tofauti. Ya kwanza huwasha injini, na kazi yake nzito huisha ndani ya sekunde chache. Ya pili huhudumia vifaa vya kambi usiku kucha, injini ikiwa imezimwa. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikikagua magari ya namna hii mjini Arusha yanaporudi kutoka Tarangire, Ngorongoro na Serengeti, na malalamiko ni yale yale: betri imekufa, itafutwe nyingine. Nyingi ya betri hizo zilikuwa hai. Ama zilikuwa hazijai, ama zilijaa vizuri lakini umeme wake ukapotea njiani kabla ya kufika kwenye friji, na mwenye gari aliyenunua mpya bila kupima alirudi baada ya safari mbili na tatizo lile lile.

Karibu kila dalili iliyoelezwa hapa inapimwa kwa njia moja: soma volti kwenye vichwa vya betri, soma tena kwenye kifaa chenyewe kikiwa kinafanya kazi, kisha linganisha. Multimita ya kawaida inatosha. Mwenye betri ya maji aongeze haidromita (kipima uzito wa tindikali), na kila mtu awe na brashi ya waya, glavu na miwani ya kukinga macho.

Kabla ya kugusa chochote

Volti 12 hazimpigi mtu shoti kama umeme wa ukutani, na ndiyo sababu watu huzidharau. Hatari yake iko kwenye ampea. Spana ikigusa kichwa cha chanya na bodi ya gari kwa wakati mmoja, mkondo wa mamia ya ampea, hata zaidi ya elfu moja, hupita humo. Chuma hugeuka chekundu, na pete iliyoko kidoleni huunguza nyama kabla mtu hajapata nafasi ya kuivuta. Vua pete, saa ya chuma na cheni. Unapofungua betri, anza na waya wa hasi. Unapofunga, waya wa hasi uwe wa mwisho, kwa kuwa spana ikiteleza wakati hasi imeshafunguliwa haitaleta madhara yoyote.

Betri ya risasi na tindikali hutoa gesi ya haidrojeni inapochajiwa, nayo huweza kulipuka ikifikia asilimia 4 tu ya hewa iliyopo. Kwa hiyo kisanduku cha betri kilicho ndani ya gari, chini ya kitanda au nyuma ya kiti, kiwe na mpira wa kutolea hewa nje, hata kama betri ni ile inayoitwa kavu, kwa sababu nayo ina vali inayofunguka shinikizo likizidi. Sigara na jiko la gesi vikae mbali.

Betri inasema nini ikiwa imepumzika

Iache betri muda wa saa nne au zaidi bila kuchajiwa wala kutumiwa, kisha upime. Betri ya risasi yenye afya husoma takriban volti 12.7 ikiwa imejaa, 12.4 ikiwa na robo tatu, 12.2 ikiwa nusu, 12.0 ikibaki robo, na 11.8 au chini ya hapo ikiwa tupu. Betri kavu za aina ya AGM husoma juu kidogo. Kipimo kinachochukuliwa mara tu baada ya kuzima injini ni uongo mtupu: kitaonyesha 13 na zaidi hata kwa betri mbovu, kwa kuwa chaji ya juujuu bado haijatulia.

Betri ya risasi isizoeshwe kushuka chini ya nusu. Kila inapoachwa nusu kwa siku nyingi, fuwele za salfeti hugandamana kwenye sahani zake, na ile nafasi ya kuhifadhi umeme hupungua bila kurudi. Betri ya kuwashia injini huumia haraka zaidi ikipewa kazi ya friji, kwani sahani zake ni nyembamba. Wanaofunga betri ya gari ya kawaida kuwa ya pili kwa sababu ni rahisi hulipa tofauti hiyo ndani ya msimu mmoja.

Friji inazima usiku ilhali betri ina umeme

Hii ndiyo dalili inayouza betri nyingi bila sababu. Friji ya kompresa ina kinga ndani yake: volti zikishuka chini ya kiwango fulani, inazima ili isiimalize betri. Friji nyingi zina viwango vitatu vya kinga hiyo, cha juu, cha kati na cha chini. Kiwango cha juu kimewekwa kwa ajili ya friji iliyofungwa kwenye betri ya kuwashia injini, ili asubuhi gari liwake. Ikiwa friji yako iko kwenye betri ya pili na imeachwa kwenye kiwango cha juu, itazima mapema mno, nawe utailaumu betri. Irekebishe kwanza, inachukua dakika moja.

Ikiwa kiwango kiko sawa, tafuta umeme unaopotea kwenye waya. Subiri kompresa iwake, pima kwenye vichwa vya betri, kisha pima kwenye plagi ya friji. Tofauti ikizidi volti 0.3 au 0.4, waya ni mwembamba au kuna kiungo kibovu. Hesabu yake si ngumu. Chukua friji inayovuta ampea 5, ikiwa mita 6 kutoka kwenye betri, kwa waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo urefu ni mita 12. Zidisha kwa ampea 5, kisha kwa 0.0175, ambao ni ukinzani wa shaba kwa mita moja ya waya wa milimita moja ya mraba, ugawe kwa 1.5. Unapata volti 0.7 zilizogeuka joto njiani. Betri inayosoma 11.9 kompresa ikiwaka, yaani ingali na umeme wa kutosha, itaifikishia friji 11.2 tu. Ukibadilisha waya ukaweka wa milimita 6, hasara inashuka hadi chini ya 0.2. Gharama ya mita hizo za waya ni ndogo sana ukilinganisha na bei ya betri.

Usisahau upande wa hasi. Weka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha hasi cha betri na nyingine kwenye hasi ya friji, kompresa ikiwa inafanya kazi. Mita ikisoma zaidi ya 0.2, ethi, yaani muunganisho wa hasi na bodi ya gari, ni mbovu. Niliwahi kuhangaika nusu siku na Land Cruiser iliyokwisha kubadilishiwa betri mara mbili kwingineko. Kipimo hicho kilisoma 0.6. Fundi aliyefunga friji alikuwa ameibana ethi kwa skrubu juu ya rangi ya bodi, nyuma ya zulia, na vumbi na unyevu vikamaliza kazi. Tulikwangua rangi hadi chuma kikang'aa, tukaweka boliti yenye washa ya meno, tukapaka grisi, na ile betri "mbovu" ikafanya kazi miaka mingine miwili.

Barabara nazo zina mchango wake. Njia ya kutoka lango la Naabi hadi Seronera, pale ilipokunjamana kama bati, hulegeza kila boliti ambayo haikukazwa vizuri, na betri isiyobanwa kwenye kitako chake hucheza hadi sahani za ndani zikakatika. Shika betri uitikise kwa mkono: gari zima litikisike pamoja nayo. Vichwa vya betri vinavyozunguka kwa mkono, au vilivyoota unga mweupe na wa kijani, visafishwe kwa maji ya moto yenye baking soda, vikaushwe, vikazwe, vipakwe grisi.

Umeendesha siku nzima lakini betri haijai

Washa injini, ipandishe kidogo juu ya mwendo wa kupumua, upime betri ya kwanza. Altaneta ya kawaida (jenereta inayozungushwa na injini) inapaswa kutoa kati ya volti 13.8 na 14.4. Kisha pima betri ya pili bila kuzima. Ikiwa ya kwanza inasoma 14.2 na ya pili 12.3, umeme hauvuki: kagua fyuzi ya kila upande wa waya unaounganisha betri hizo, halafu rilei, yaani swichi ya umeme inayoziunganisha na kuzitenganisha. Rilei inayojiongoza kwa volti hufunga karibu 13.3 na kufunguka karibu 12.8, na huwa inalia "tak" ndogo unayoweza kuisikia. Ikiwa ya pili inasoma 13.5, umeme unavuka lakini waya ni mwembamba.

Magari mapya yana shida ya namna nyingine. Altaneta zake huongozwa na kompyuta, na betri ya kwanza ikishajaa kompyuta hushusha volti hadi 12.8 au hata chini ya hapo ili kuokoa mafuta. Rilei hufunguka, na betri ya pili hubaki na njaa siku nzima. Hapo rilei haina dawa; kinachohitajika ni chaja ya kupokea umeme wa betri moja na kuupandisha kwa ajili ya nyingine, iliyounganishwa na waya wa swichi ili ijue injini inawaka.

Hata mitambo yote ikiwa sawa, betri ya risasi haiharakishwi. Itapokea upesi hadi asilimia 80 hivi, lakini sehemu iliyobaki huhitaji saa kadhaa za volti 14.4 au zaidi, kwa kuwa ndani kabisa ya sahani umeme huingia polepole. Sasa fikiria safari ya kuangalia wanyama. Gari limetoka saa kumi na mbili asubuhi likarudi saa sita mchana, dereva ataapa kwamba ameendesha saa sita, lakini injini ilizimwa mbele ya simba, ikazimwa tena kwenye bwawa la viboko, ikazimwa wakati wa kifungua kinywa. Muda wa kuwaka kweli labda ni saa mbili na nusu, na siku ya tatu au ya nne friji inazima. Tiba ya gari kama hilo ni paneli ya sola au chaja ya ukutani wanapofika mahali penye umeme.

Sola haileti chochote

Anza na kitambaa chenye maji, kwa sababu vumbi la siku tatu za Serengeti linatosha kuifanya paneli iwe kipande cha ubao. Halafu tazama kivuli. Watu huegesha chini ya mgunga ili friji isipate joto, ambalo ni jambo jema kwa friji, lakini kivuli cha tawi moja kinachoangukia seli chache hupunguza umeme wa paneli nzima kuliko ukubwa wake unavyoonyesha. Anayependa kivuli abebe paneli ya kukunja yenye waya mrefu na mnene, aiweke juani.

Kisha pima. Paneli ya seli 36 iliyofunguliwa kutoka kwenye kontrola (kifaa kinachosimamia chaji kati ya paneli na betri) isome kati ya volti 19 na 22 jua likiwaka. Ikisoma hivyo, paneli na waya wake ni vizima, tafuta kosa kwenye kontrola. Unapofunga kontrola, betri iunganishwe kwanza na paneli baadaye. Unapofungua, paneli itangulie kutoka. Kontrola nyingi huitambua betri inapounganishwa, na zikikuta paneli peke yake hukosea kuchagua mfumo au huungua. Usivute vichwa vya paneli wakati mkondo unapita, maana umeme wa mkondo mmoja huruka kwa cheche ndefu. Funika paneli kwa blanketi kwanza.

Pia uwe mkweli na hesabu. Paneli ya wati 100 hutoa ampea 5 na kitu jua linapokuwa utosini, na kwa siku njema katika maeneo yetu ya karibu na ikweta inaweza kukupa ampea-saa 25 hivi (ampea moja kwa saa moja ni ampea-saa moja). Friji ya lita 40 kwenye joto hula kiasi hicho, au zaidi.

Betri inachemka, imevimba au inanuka mayai viza

Dalili hii haitaki subira. Zima injini, funika paneli, toa chaja ya ukutani, fungua milango yote, na usiwashe kitu chochote chenye moto. Iache ipoe kabla ya kuigusa. Betri iliyovimba haitengenezwi.

Chanzo mara nyingi ni volti kuzidi. Ikiwa altaneta inasoma zaidi ya 15, regyuleta, yaani kidhibiti volti chake, imekufa. Ikiwa volti ziko sawa lakini betri inachemka peke yake, huenda seli moja imekufa, kwa hiyo zile tano zilizobaki zinabebeshwa mzigo wa sita; haidromita itaonyesha seli moja iko chini sana kuliko wenzake, ambao wakijaa husoma karibu 1.265. Joto nalo lina sehemu yake. Viwango vya chaji vimeandikwa kwa nyuzi 25, na vinapaswa kushushwa takriban volti nusu betri ikifikia nyuzi 45, jambo la kawaida kabisa kwa betri iliyowekwa karibu na injini. Kontrola yenye kihisi cha joto hufanya hivyo yenyewe.

Kwa betri ya maji, ongeza maji ya betri baada ya kuchaji, hadi kwenye alama. Lakini ukikuta sahani ziko wazi, zifunike kidogo kwanza ndipo uchaji. Soma chupa kabla ya kumimina, maana dukani maji ya betri na tindikali hukaa rafu moja. Kinachopungua ni maji, tindikali haiondoki, hivyo anayeongeza tindikali anaziunguza sahani. Maji ya bomba yana chumvi na yasitumike. Tindikali ikimrukia mtu machoni au kwenye ngozi, aoshwe kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20, na aliyepata machoni apelekwe hospitali.

Katika magari ya volti 24, yenye betri mbili za volti 12 zilizoungwa mfululizo, betri moja kuchemka huku mwenzake ikidhoofika kuna maana maalumu: mtu amechukua volti 12 za redio au taa kutoka kwenye betri moja ya zile mbili. Altaneta haijui hilo. Inazichaji zote mbili kama jozi, hivyo ile inayoibiwa haijai kamwe, na nyingine inazidishiwa hadi ichemke. Toa waya huo, ufunge kipunguza volti cha kushusha 24 kuwa 12 kutoka kwenye jozi nzima.

Waya unapata joto, fyuzi inakatika mara kwa mara

Fyuzi iko pale kuulinda waya, na hukaa karibu kabisa na kichwa cha chanya, kwa sababu kipande chochote cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi. Betri mbili zilizounganishwa zinahitaji fyuzi mbili, moja kila mwisho. Inayokatika ikibadilishwa na kubwa zaidi, au na kipande cha waya au karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, kitakachoungua safari ijayo ni gari. Fuata waya wote kwa mkono, hasa unapopita kwenye tundu la bati lisilo na mpira. Hapo ndipo mtikisiko hula ganda hadi shaba ikagusa bodi.

Tundu la kiberiti cha gari hubeba ampea 10 hadi 15 tu, nalo huyeyuka likiunganishwa na inveta kubwa (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani). Inveta ya wati 1,000 huvuta zaidi ya ampea 90 kwenye betri ya volti 12, na birika la umeme la wati 2,000 litataka zaidi ya 180. Inveta hizo zifungwe moja kwa moja kwenye betri, kwa kebo nene na fupi na fyuzi yake, na zizimwe kwa swichi zisipotumika. Umeme unaotoka upande wa pili ni volti 230 na unaua kama wa nyumbani.

Gari limekaa wiki mbili, betri zote tupu

Magari mengi ya kambi hulala Aprili na Mei, mvua za masika zinapopunguza wageni, na huamka yakiwa yamekufa. Kifaa cha kufuatilia gari, alamu, saa ya redio na inveta iliyosahauliwa vyote hunywa kidogo kidogo. Miliampea 50 zinaonekana si kitu, lakini kwa siku 14 zimekula karibu ampea-saa 17. Ili kumjua mnywaji, zima kila kitu, fungua hasi ya betri, weka mita kwenye ampea 10 kati ya kichwa na waya wake, kisha toa fyuzi moja moja hadi namba ianguke. Usiwashe injini wala kifaa kizito mita ikiwa hapo. Gari la kulala lijazwe kwanza, ndipo hasi zifunguliwe.

Betri ya lithiamu imezima ghafla

Mara nyingi haijafa; mlinzi wake wa ndani amefunga mlango kwa sababu imeisha, imepata joto mno au imevutwa ampea nyingi. Mita itasoma sifuri au volti chache zisizoeleweka. Ondoa mzigo, unganisha chaja ya lithiamu, na kwa kawaida itaamka. Usikadirie kilichobaki kwa volti, kwani hukaa karibu 13.2 kwa sehemu kubwa ya safari yake; tumia kihesabu ampea. Isiwekwe kwenye chumba cha injini, wala isiunganishwe moja kwa moja na altaneta, kwani hupokea kila inachopewa na altaneta inayozunguka taratibu huungua.

Kama vyote viko sawa na betri bado haidumu

Sasa ndipo ishtakiwe yenyewe. Ijaze kabisa, iache ilale usiku, kisha ifunge balbu ya taa ya mbele ya wati 55, inayovuta ampea 4.5 hivi, uandike volti kila saa. Betri nzima ya risasi ya ampea-saa 100 inapaswa kuiwasha balbu hiyo saa 10, na ikipumzika baadaye isome karibu na 12.2. Ikianguka chini ya 11.8 katika saa ya tatu au ya nne, imepoteza zaidi ya nusu ya uwezo wake na inastahili kubadilishwa. Kama ilikuwa imeunganishwa sambamba na nyingine ya umri ule ule, zibadilishwe zote mbili, maana kuukuu huivuta mpya chini. Iliyotoka ipelekwe ikiwa nzima kwa wanunuzi wa betri chakavu wenye mahali rasmi pa kuyeyushia, tindikali yake ikiwa bado ndani.